Nta ya Jumamosi

Nélida alitoka jikoni akiteleza juu ya vitambaa vyake viwili vya kukanyagia, kibuyu cha yerba, majani ya kunywa kama chai, mkononi na chupa ya maji ya moto kwapani, akamkuta mdogo wake amelala kifudifudi sakafuni, shavu limegusa mbao, miguu imetokeza chini ya meza kama ya fundi gari. Mwanamke mstaafu, mwenye magoti mabovu! Tena alikuwa akinong'ona. Nélida akasimama kusikiliza, maana sauti ile aliijua, ila hakuzoea kuisikia ikielekezwa kwa mwingine.

"Bizcocho, baba, toka basi kidogo. Nani kakuudhi, eh? Niambie mimi."

Sungura alikuwa amejibanza kwenye kona nyuma ya kiti, juu ya taulo yake, masikio ameyalaza mgongoni. Hakuonyesha dalili ya kutaka kumwambia mtu chochote.

"Zulma, maji yanapoa."

"Nakuja, dada."

Hakuja. Alikuja baadaye, anapangusa magoti, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni aliyeacha chungu jikoni kwake. Nélida akajaza kibuyu, akampa. Zulma akafyonza mrija hadi ukakoroma, akakirudisha, akasema, "Asante." Kisha akainuka na kurudi chini ya meza.

Neno hilo lilimchoma Nélida. Kwenye yerba mtu hashukuru ila akiwa ametosheka na hataki kujaziwa tena. Kabla ya sungura, Zulma hakuwa akilisema mpaka taa za barabarani ziwake. Walikuwa wakikaa dirishani, Nélida akimimina, Zulma akizungumza: nani kaonekana sokoni, nani kanenepa, mjane gani kapata bwana mpya. Kibuyu kilikwenda na kurudi, na Nélida hakuhitaji kitu kingine duniani. Sasa alimimina, akajinywea mwenyewe, akajimiminia tena.

Zulma alirudi katika nyumba ile waliyozaliwa baada ya kufiwa na mumewe, masanduku mawili mkononi. Nélida alilia mazikoni pamoja na wengine, alinunua shada la maua kubwa kuliko yote, lakini jioni ile alipokuwa akitandika kitanda cha pili alijikuta akiimba. Aliona haya, akanyamaza. Hata hivyo tangu siku hiyo aliamini kwamba Zulma ni wake, kwamba hatatokea mtu mwingine wa kumchukua. Na kweli, mtu hakutokea. Kilichotokea kilikuwa na masikio marefu.

Zulma alikwenda kwenye soko la Jumapili kununua vitunguu, akarudi na koti limetuna kifuani. Alilifungua pale mlangoni pa chumba cha Nélida, na kichwa cha rangi ya kahawia kikachungulia.

"Ona rangi yake, Neli! Si kama bizcocho iliyotoka tanurini sasa hivi?"

"Na vitunguu viko wapi?"

Vitunguu vilisahauliwa. Wiki zile Nélida alikuwa kitandani na maumivu ya kiuno, hakuweza kuinama hata kufunga viatu, na kwa sababu hiyo sakafu ya sebule ilikaa bila kupakwa nta kwa mara ya kwanza tangu mama yao alipokuwa hai. Ikafifia, ikawa na rangi ya vumbi. Juu ya sakafu hiyo sungura alianza maisha yake kwa kishindo. Alikimbia toka ukuta hadi ukuta. Aliruka, akajipinda hewani, akatua ameelekea upande mwingine, na Zulma akacheka mpaka akashika mbavu. Alimfuata Zulma jikoni, akamfuata bafuni, akamngoja nje ya mlango. Zulma alipoketi, alijitupa ubavu miguuni pake kama aliyepigwa risasi, na baada ya kutishika mara ya kwanza wakajua kuwa hiyo ndiyo raha yake. Nélida aliyasikia yote hayo akiwa kitandani. Kicheko kilipita chini ya mlango. Hakuna aliyekuja kumweleza kinachochekesha.

Kiuno kilipopoa, jambo la kwanza alilofanya ni kupiga magoti na kopo la nta.

Sakafu ile ilikuwa urithi. Mama yao hakuwahi kuweka zulia. "Nani anafunika dhahabu kwa gunia?" alikuwa akiuliza, na kila Jumamosi alipaka nta, akaisugua hadi balbu ya dari ikaonekana chini kama iliyozama majini. Mlangoni palikuwa na kapu la vitambaa vizito vilivyokatwa kutoka blanketi la jeshi la baba yao. Yeyote aliyeingia, awe padri au mletaji gesi, alichukua viwili, akavikanyaga, akateleza bila kuinua mguu. Don Wáshington, jirani wa chini, dereva wa basi mstaafu, alilalamika kila alipokuja: "Nimeendesha basi maisha yangu yote bila ajali, halafu nitakuja kufia sebuleni kwa Nélida."

Jumamosi ile, nta ilipokauka, sungura alitoka mbio kama kawaida yake. Alipofika katikati, miguu ya mbele ilikwenda huku na ya nyuma kule, akaanguka kwa kidevu. Akajikusanya, akajaribu tena, makucha yakakwaruza bila kushika kitu. Nyayo zake zilikuwa manyoya matupu. Alirudi kwenye taulo yake akijikokota kwa tumbo, akageuka, akapiga sakafu kwa mguu wa nyuma, dum, kisha akatulia.

Zulma alikuwa jikoni akimkatia kotimiri, hakuona. Nélida aliona.

Aliona na akaelewa papo hapo, kwa wepesi uliomshangaza. Angeweza kusema. Lilikuwa neno moja tu. Badala yake aliingia jikoni na kuuliza, "Tuteleke maji?" na alasiri hiyo, kwa kuwa sungura hakumfuata mtu popote, Zulma alikaa dirishani na kunywa vibuyu vinne. Jumanne, Zulma alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, Nélida alitoa kopo tena.

Lakini hesabu yake iliharibika. Alidhani sungura akikaa konani, Zulma atabaki kwenye kiti. Kumbe kwa kuwa sungura hatoki konani, Zulma ndiye aliyehamia huko. Alimletea boksi la katoni, akalitoboa milango miwili ili asijione amefungiwa. Alileta nyasi kavu, kapu la matete la kutafuna, mpira wa kamba. Alihamisha kona ikawa mbali na upepo wa dirisha, kisha akaona giza limezidi, akairudisha. Alimwekea redio kwa sauti ya chini. Sungura aliishi katikati ya mali hizo zote kama mfalme aliyezingirwa, na Zulma akalala chini kifudifudi akimsihi. Nélida akaongeza nta. Hakuwa na akili nyingine.

"Hana raha huyu," alisema Don Wáshington siku moja, amekaa wima katikati ya kiti, mikono imeng'ang'ania pande zote mbili. "Macho yake yananikumbusha abiria aliyepitilizwa kituo."

"Ndiyo nasema mimi!" Zulma alisema kutoka sakafuni. "Lakini kakosa nini?"

"Kakosa viazi na karoti na moto mdogo mdogo."

"Wáshington! Anakusikia!"

"Natania, mama. Mpe pole." Akageuka. "Nélida, hebu nisukumie vitambaa vyangu hapa karibu. Sakafu yako leo ni barafu tupu. Hata mimi naogopa kutoka kwenye kiti."

Nélida alimsukumia vitambaa kwa ncha ya mguu, haraka. Alimwangalia mdogo wake. Zulma alikuwa akipanga nyasi, hakushika maana. Alikuwa ameishi juu ya sakafu ile muda mrefu mno, hakuiona tena.

Wiki iliyofuata sungura aliacha kula. Kotimiri ililala mbele yake mpaka ikanyauka. Zulma alipomshika alijiacha tu, mlegevu kama soksi, na Zulma akaanza kulia bila sauti, machozi yakidondokea manyoya. Wakamtia kwenye kapu la sokoni, wakapanda basi kwenda kwa daktari wa wanyama.

Daktari alikuwa msichana mwenye nywele fupi na mikono ya upole. Alimbonyeza tumbo, akasikiliza.

"Anakimbia? Anaruka?"

"Mwanzoni aliruka sana," alisema Zulma. "Siku hizi hatoki konani. Na ana sebule nzima!"

"Kuna kitu kilichobadilika nyumbani?"

Zulma alifikiri kwa bidii, kama mtoto anayetaka kumjibu mwalimu vizuri. "Hakuna, daktari. Tuko wawili tu, mimi na dada. Kwetu habadiliki mtu wala kitu."

Ukutani palibandikwa picha ya meno ya mbwa. Nélida aliisoma yote.

"Sungura asipotembea, tumbo lake nalo husimama," alisema daktari. "Nimempa dawa, na uji huu mumlishe kwa bomba. Lakini lazima atembee. Asipokula kabla ya kesho mumrudishe, na hapo siwaahidi kitu."

Kwenye basi Nélida ndiye aliyepakata kapu, kwa ajili ya magoti ya Zulma. Kupitia matete alihisi moyo wa mnyama ukienda mbio mno, mdogo, wa haraka, kama kidole kinachogonga mlango. Hakumpenda. Hilo alikuwa na uhakika nalo. Ila alitamani kingeacha kugonga.

"Kesho nitampigia simu rafiki yangu Mirta, kule Canelones," Zulma alisema, akiangalia nje. "Ana uwanja wenye majani. Sungura akipona, nitampa yeye."

Hilo hasa ndilo Nélida alilolitaka, tangu siku ya koti. Lilikuwa limekuja lenyewe, bila yeye kuinua mdomo.

"Ni uwanja mzuri," alisema.

"Mimi sikujua kumfurahisha, basi. Kila kitu nimempa, na bado pale hapamkubali." Zulma alipenga kamasi, akacheka kidogo. "Unajua, mimi mwenyewe niliporudi nyumbani nilikuwa hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo vipi?"

"Umesahau? Mwaka ule wa kwanza. Sikuwa natoka chumbani, naogopa kukanyaga. Nilikuwa nakuona na kopo lako, unasugua, unasugua, nikawa najiambia, siku akiona alama ya mguu wangu hapa atanirudisha kule kule nilikotoka."

Nélida aliinamia kapu. Mwaka ule alidhani Zulma amejifungia kwa msiba. Alipaka nta mara mbili kwa wiki, kiuno kikilia, ili nyumba ing'ae na mdogo wake aone kuwa amepokewa.

"Na ulitokaje?" aliuliza, walipokwisha kupita vituo kadhaa.

"Si wewe? Uliniletea yerba mlangoni. Kila siku. Ukasimama na chupa yako kwapani mpaka nikaona haya, nikakufuata."

Walifika nyumbani, wakamlisha uji, nusu ukaishia kwenye mkono wa Zulma. Baada ya chakula cha mchana, ambacho hawakukigusa wote wawili, Zulma alikwenda kujinyoosha kidogo na usingizi ukamchukua. Nélida aliteleka birika kwa ajili ya yerba. Alijaza kibuyu majani, akachomeka mrija, akangoja maji yaimbe. Kupitia mlango wa jikoni aliona sebule yote, inang'aa, dirisha limelala ndani yake na mawingu yake. Kule mbali, kwenye kisiwa cha taulo, kitu cha kahawia hakitikisiki.

Alichukua birika, lakini kibuyu alikiacha. Alikwenda mpaka konani, akamwaga maji ya moto kwenye ndoo yenye sabuni, akapiga magoti, akaanza kusugua kwa waya wa masufuria.

Nta haikutoka kirahisi. Ilikuwa tabaka juu ya tabaka, ya Jumamosi zake na ya Jumamosi za mama yake, na chini kabisa pengine ya siku walizokuwa watoto na kukatazwa kucheza humo. Ilipanda njano, ikakunjamana, ikaingia kwenye kucha. Aliifuta kwa tambara, akasugua tena mpaka mbao ikatokea, ya kijivu, mbovu kuitazama, yenye mikwaruzo. Akasogea mbele. Sungura alimtazama kwa jicho moja. "Usinitazame," Nélida alimwambia. "Sikufanyii wewe."

Njia ilikuwa na upana wa kitambaa cha miguu. Alipofika kwenye mguu wa meza alisimama kupumzisha kiuno. Kushoto kilikuwa kiti chake, kulia cha Zulma. Hata pale, magoti yamelowa, mikono imebabuka, wivu ulimpanda. Alijua fika mnyama atamwendea nani. Alimtengenezea barabara ya kumpeleka kwa Zulma, na yeye mwenyewe ndiye anayeichimba. Aligeukia kulia, akaendelea kusugua, na sasa alikuwa akilia kwa hasira, pua inamchuruzika kama ya mtoto.

Alipomaliza alikausha njia yote kwa taulo kavu, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, maana kusimama alishindwa.

Sungura alinusa ukingo wa taulo yake. Akaweka mguu mmoja kwenye mbao ya kijivu, akautoa. Akauweka tena. Mwili wake ukarefuka, miguu ya nyuma imebaki kwenye taulo, ya mbele imetangulia, mpaka ikawa hana budi kuchagua. Akaruka mruko mdogo mmoja, akatulia. Hakuteleza. Akaruka mwingine.

"Umefanya nini na sakafu ya Mama?"

Zulma alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, juu ya vitambaa vyake, nywele zimevurugika.

"Nimeisugua."

Zulma aliangalia mstari wa kijivu toka kona hadi kiti chake. Aliangalia ndoo, waya, magoti ya dada yake. Aliangalia sungura, ambaye sasa amefika kwenye mguu wa meza na anakata kona bila wasiwasi. Nélida aliona uso wake ukielewa, polepole, sehemu moja baada ya nyingine.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile ya kwanza."

"Na ile nta ya Jumanne? Nikawa naisikia harufu, nasema ni mawazo yangu!" Sauti ilimpanda, ikamkatika. "Angekufa, Neli. Angekufa mikononi mwangu na wewe umekaa hapo unaniuliza kama maji yatelekwe."

Nélida aling'oa nta iliyoganda kwenye kucha zake. Sungura alifika kwenye kiti cha Zulma, akakikuta kitupu. Akanusa miguu yake minne, akasimama kwa miguu ya nyuma, akatazama huku na huku.

Zulma alishuka kwenye vitambaa vyake. Kwa nyayo tupu akakanyaga dhahabu ya mama yao, akaacha alama za unyevu hatua kwa hatua bila kuzitazama, mpaka akafika. Akaketi chini kando ya kiti, akatoa mfukoni shina la kotimiri la asubuhi, lililonyauka. Sungura alilinusa. Pakapita kitambo. Kisha ikasikika sauti ndogo, kavu, ya kutafuna.

Zulma aliufunika uso kwa kiganja kimoja. Kile kingine hakukitikisa, hadi shina likaisha.

Nélida alijiinua kwa kushika ukuta, akaingia jikoni, akatia maji mapya kwenye birika. Akaliteleka. Yalipopata moto alikichukua kibuyu kilichokuwa kikingoja tangu mchana, akaja nacho hadi kizingitini, chupa kwapani. Hapo akakwama. Vitambaa vyake vilikuwa ng'ambo, karibu na ndoo, na mbele yake nta ilimeremeta hadi ukingo wa njia. Alivua viatu. Akavuka kwa soksi, mguu mmoja, halafu mwingine, anatafuta mizani kama mlevi, na Zulma akamtazama akija, hakumnyooshea mkono.

Aliketi kwenye mbao za kijivu, umbali kidogo. Sungura alikuwa amejitupa ubavu kwenye paja la Zulma. Nélida alimwona, na bado ilimuuma. Alijaza kibuyu, akakinywa cha kwanza mwenyewe, kama impasavyo mmiminaji, akajaza cha pili, akakinyoosha mbele yake.

"Sitaki kuzungumza na wewe leo," alisema Zulma.

"Haya."

Kibuyu kilikaa hewani hadi mkono ukaanza kumuuma. Hatimaye Zulma alikipokea. Alikunywa taratibu, ameelekeza macho dirishani ambako taa ya barabarani ilikuwa bado haijawaka. Mrija ukakoroma. Akakirudisha, midomo ikafunguka kidogo, na Nélida akazuia pumzi.

Zulma alimpangusa sungura unyasi kwenye sikio. Neno lile hakulisema.

Nélida akajaza kingine.